Mwaka wa Ghorofa na Sauti ya Mama Vumilia

Siku tuliyokaa nyumbani kwangu Kashojwa, humu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kumlilia Opio, waliokuwepo ni hawa. Mimi Mama Bahati, mwenye nyumba. Feza, mdogo wangu wa tumbo moja, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, aliyetoka Juru kwa baiskeli ya kukodi, amefunga maharagi mabichi ndani ya kitenge. Zawadi, mwenye duka la nguo pale Misiera. Huyo hatuna damu moja, lakini tulilala kitanda kimoja mwaka mzima, na huo nao ni undugu. Na Florence, mjane wa Opio mwenyewe, aliyetoka kambi ya jeshi Mbarara kutuambia kwamba mumewe ameshazikwa kwao, na kwamba katika ugonjwa wake alitutaja. Noella hakuwepo, zamani watu wa kuhamisha wakimbizi walimpandisha ndege na watoto wake, yuko ng'ambo. Mama Vumilia hakuwepo kwa sababu yeye ndiye aliyebaki mule ndani ya ghorofa.

Feza alikaa karibu na mlango. Ndivyo anavyokaa kwangu miaka yote hii. Panapo msiba anakuja, anasalimia, anaosha vyombo, chakula changu hakigusi, na anarudi Juru jua likiwa bado juu. Watu wanadhani tuligombania shamba. Shamba hatukuwahi kuwa nalo la kugombania. Sababu ni neno nililolisema barabarani Mbarara, mbele ya watu wengi: nilisema nimesikia. Feza akasema sikusikia. Kama nilisikia, basi mdogo wangu aliacha mkono wa mtu aliye hai. Kama sikusikia, basi mimi ni mwongo. Hapo ndipo tulipokwama, na wa kutuamua alikuwa Opio peke yake, kwa maana tulikuwa naye pale kwenye ngazi.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao simu za tochi zilianza kuonekana mikononi mwa kila mtu. Sitaeleza hapa tulivyovuka mpaka, wala nani alimzaa nani. Nitaanzia chumba. Kilikuwa nyuma ya soko la Mbarara, ukuta wake unatoa maji wakati wa mvua, na harufu ya makaa haikutoka hata tukiacha mlango wazi mchana kutwa. Zawadi, Feza na mimi tulikuwa kwenye kitanda cha mbao, Noella kwenye mkeka, na Mama Vumilia kwenye godoro karibu na mlango. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, patroni wa kushona, mwenye cherehani na kazi, mjane, mtu wa kanisa, mwembamba hata ukimkumbatia unaona haya. Unga wa muhogo ulitufikia kutoka Nakivale juu ya lori la mahindi, sombe, majani ya muhogo, tuliitwanga wenyewe uani, na mke wa mwenye nyumba akipita anashika pua. "Nyinyi Wakongo nakula majani kama mbuzi!" Zawadi hakuwahi kunyamaza maishani mwake. "Na nyie mama munakula ndizi mbichi, nani amewauliza?" Basi wanacheka wote wawili, na jioni yule mama anatuma kibakuli aonjeshwe hiyo hiyo sombe.

Kazi ilikuwa kwenye ghorofa. Lilikuwa na orofa tano. Najua kuna miji ambayo nyumba ya orofa tano ni kibanda, lakini sisi tulitoka milimani kwenye nyumba za udongo, na mara ya kwanza nilipotazama juu nikaona mawingu yanatembea nyuma ya lile paa, nilishika ukuta nikidhani nyumba inaniangukia. Chini kulikuwa na duka la rangi na la vyuma, katikati ofisi za watu, na juu kabisa, fasi ya bei ndogo kwa sababu hakuna mteja anayetaka kupanda, palikuwa na cherehani za Mama Vumilia, ambako Zawadi, Feza na Noella walishona. Madirisha yote yalikuwa na vyuma vya kuchomelewa. Mlango wa kutokea juu ya paa ulichomelewa nao, baada ya wezi kushuka na nyaya za umeme. Na kwenye ngazi, kabla ya kufika kwao, kulikuwa na geti la chuma lenye kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi, mzee Byaruhanga. Siku moja nilimsikia akibishana na Mama Vumilia hapo getini. "Nyabo, mimi nafunga. Mwizi iko mingi. Mtu nataka kushuka, naita mimi." Mama Vumilia akamuuliza: "Na kama uko unakula?" "Si mimi nakula haraka?" Wakacheka. Hata mimi nilicheka, nilikuwa nimebeba sufuria kichwani.

Maana mimi sikushona. Nilipika uani, nyuma ya ghorofa, nikilisha wapagazi, wenye maduka na wale dada zangu wa juu. Nilikuwa mzito na magoti yangu yalikuwa yameanza kuniuma, kwa hiyo sikupanda hadi mwisho. Nilifika kwenye geti, nikagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, nikaita jina la kila mtu pamoja na chakula alichoagiza asubuhi: maharagi, sombe, lenga-lenga ambayo ni mchicha, au ndakala, dagaa wakavu. Anayejibu "Mimi!" anashuka kuchukua sahani. Asiyejibu, namwambia sahani yake nampa Byaruhanga. Mama Vumilia siku zake za kufunga alijibu vilevile kila mara, kwa sauti ya chini, bila kuacha cherehani: "Leo sikuli. Niko mu maombi." Nikisikia hivyo narudi na sahani yake.

Opio alikuwa sajini. Alileta suruali na mashati ya wenzake kuja kubanwa na kutiwa viraka. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, jino moja la mbele limevunjika. Lakini viatu vyake vilipoanza kulia kwenye ngazi, ko, ko, ko, juu kule cherehani zote zilinyamaza pamoja, kama mtu amezima redio. Aliingia akakuta wanawake wamekaa mikono juu ya nguo, macho chini. "Nyinyi mama, mimi si nyoka. Mimi naleta suruali!" Zawadi alikuwa wa kwanza kucheka, mkono kifuani. Noella hakucheka hata mara moja, alitazama mlango mpaka viatu vifike chini. Na jioni tukila, niliwahi kumsikia Mama Vumilia akimfundisha, kwa sauti ile ile ambayo mtu anafundisha kupika. "Viatu vikikuja, unalala chini, unatia kitambaa mu kinywa. Wakiita, usijibu. Hata wakiita jina yako usijibu. Majina banayapata kwa majirani." Noella akauliza, "Na kama ni mtu muzuri?" Mama Vumilia akamega bugali. "Mutu muzuri atarudi kesho."

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali, saa ambayo sahani zangu zilikuwa tayari zimepangwa. Kwanza nilisikia harufu ya rangi, kali, ya kutoa machozi. Halafu mlio: pa! Halafu pa! pa! pa! Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya gunia la makaa, mwiko bado mkononi, kabla akili haijaniambia kwamba ni makopo ya rangi yanapasuka kwa joto. Nilipotoka uani kwenda barabarani watu wa orofa za chini walikuwa wanamiminika nje, na moshi haukuwa unatoka nao. Ulikuwa unapanda. Uliingia kwenye ngazi kama maji yanavyoingia kwenye mfereji, ukaenda juu, na muda si mrefu orofa ya chini ilikuwa inaonekana vizuri huku ya juu imefunikwa. Moto wenyewe sikuuona. Nyumba nzima ilikuwa inafuka na hakuna ndimi za moto.

Gari la zimamoto lilikuja likakwama kati ya malori yaliyokuwa yakishusha ndizi. Wenye malori walitafutwa, mmoja alikuwa msalani. Ngazi ya gari ilipoinuliwa ilifika orofa ya tatu ikaishia hapo, na yule kijana aliyepanda alikuta vyuma vya dirisha, akavipiga nyundo mpaka mikono ikachoka. Maji yakaisha, gari likaondoka kwenda kuteka. Watu wakaburuta magodoro kutoka duka la ng'ambo ya barabara, wakayalundika chini ya ukuta, wakaanza kupiga kelele wakitazama juu: "Ruka! Ruka!" Nami nikatazama juu. Kwenye madirisha hakukuwa na mtu. Hakuna mkono, hakuna kitambaa kinachopeperushwa. Umati mzima ulikuwa unayapigia kelele madirisha matupu, na ukuta ulirudisha zile kelele kama unajibu.

Opio alikuwa amekuja mjini kuchukua suruali. Yeye na mwenzake waliingia na mtaimbo, wakavunja kufuli la geti, kwa sababu Byaruhanga alikuwa ameenda kula na ufunguo mfukoni. Walifika hadi juu. Wakatoka weusi, wanatapika. Nikamshika Opio shati. "Dada zangu beko wapi?" Akasema, "Mama, juu hakuna mtu. Mimi nimeita, nimeita. Hakuna mtu najibu. Labda walishuka zamani." Nikamwambia hawajashuka, ningewaona, njia ni moja na inapita mbele ya sufuria zangu. "Sasa kwa nini hawajibu?" Makopo yakapasuka tena mule ndani, pa! pa!, na magoti yangu yakakunjika yenyewe, mbele yake, nikaelewa. "Umeita namna gani?" nikamuuliza. "Nimeita namna ya jeshi! Toka inje wote! Haraka!" Nikasema, "Hata mimi nisingetoka. Wanajificha, Opio. Wanakuogopa wewe. Wanawaza ni vita." Alinikodolea macho. "Vita gani? Hapa ni Mbarara!"

Baadaye Zawadi alitueleza. Walisikia mlio wa risasi, wakaona moshi, wakasikia watu wanapiga kelele barabarani, halafu viatu kwenye ngazi na chuma kinavunjwa. Kitu kingine gani kingekuwa? Mama Vumilia aliwaingiza kwenye chumba cha vitambaa, wakalala chini ya meza ya kukatia, wakaziba nafasi ya chini ya mlango kwa vipande vya kitenge. Sauti ya mwanaume ilipita nje ya mlango ikiwaita watoke. Walikuwa wamejitia vitambaa vinywani, kila mmoja na chake, na hawakukohoa.

Nililowesha vitenge kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, kimoja changu, kimoja cha Opio. Nikachukua mfuniko na mwiko. Alitaka nimfundishe tu maneno apande peke yake, nikamwambia hawatakujua, watajua mfuniko. Alinivuta kwa mkanda wake, mimi nyuma yeye mbele, na nilipanda ngazi zile ambazo kila siku nilizilalamikia bila kuhisi magoti. Ukuta ulikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa. Mchana ule ule wa jua kali, mule ndani kulikuwa giza, na tochi ya simu ya Opio haikuonyesha kitu isipokuwa weupe mbele ya uso wetu. Orofa ya tatu nilisikia tak, tak, tak, tak, kama mtu anakanyaga cherehani taratibu. "Kuna mtu anashona," nilisema. Opio akasema, "Ni bati, mama. Bati nalia na moto." Labda. Lakini ilikuwa inasimama na kuanza tena, kama anayefika mwisho wa mshono.

Kwenye geti tulipiga magoti, kwa sababu hewa kidogo iliyobaki ilikuwa chini. Nikagonga mfuniko. Nikagonga tena. "Zawadi, maharagi! Noella, lenga-lenga! Feza, sombe! Mama Vumilia, ndakala!" Kimya. Opio alikuwa analivuta sikio langu karibu na mdomo wake, "Rudi, mama, rudi," nami nikarudia vilevile, kwa sauti ile ile ya kila siku, ya mtu anayeogopa chakula chake kitapoa. Mlango ulilia mahali fulani mbele. "Mimi!" Ilikuwa Zawadi, sauti imepasuka. Alikuja kwa tumbo, akifuata mlio, Opio akamshika nywele kabla ya kumshika mkono. "Mimi," Noella, karibu nyuma yake. Nikaita Feza. Hakujibu. Nikaita tena, "Feza, sombe!" Hakuna. Basi nikasema nililokuwa nasema siku zote, na machozi yanaingia mdomoni: "Feza, sahani yako ninamupa Byaruhanga!" Nikangoja. Halafu, mbali sana, sauti ya mtoto aliyeamshwa usingizini: "Mimi, yaya."

Feza alipokuwa bado anatambaa, niligonga kwa ajili ya wa mwisho. "Mama Vumilia, ndakala!" Na nikasikia. Haikuwa ya mtu anayekohoa. Ilikuwa ya chini, ya taratibu. "Leo sikuli. Niko mu maombi." Nilishangaa hata mule ndani ya moshi, kwa sababu haikuwa siku yake ya kufunga, asubuhi aliniagiza ndakala mwenyewe na pilipili pembeni. Feza akafika mikononi mwangu. Nikamwambia Opio, "Bado mmoja, amejibu." Opio aliniangalia, uso wake uko karibu na wangu kama watu wanaopeana siri, akasema, "Nimesikia." Mwenzake alikuwa amepanda kutupokea. Opio alijitupa mbele kumfuata Mama Vumilia, na dari lote la mbao likashuka kati yake na mlango. Alitoka na nyusi zimeungua. Tukashushwa.

Ndipo barabarani, nikiwa nimelala juu ya yale magodoro, niliposema kwa sauti kubwa kwamba Mama Vumilia yuko hai, amejibu, waende. Feza akajiinua. "Hakujibu! Nilikuwa namukamata mukono. Njo maana nilichelewa kukujibu, nilikuwa namuvuta. Mukono ulikuwa umekwisha kuwa mukono tu. Hakusema kitu, yaya!" Nikasema nimesikia kwa masikio yangu. Akasema, "Kwa hiyo nilimuacha muzima?" Walimkuta kesho yake chini ya meza ya kukatia, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlango. Kabla mwaka haujaisha tulirudi wote Nakivale, Feza akaomba shamba Juru, na tangu hapo anakaa karibu na mlango.

Opio alikuwa akija kutusalimia, analeta sukari na sabuni. Nilimuuliza mara nyingi. Kila mara alisema, "Nilisikia, mama. Wacha iende." Nikamhesabu kuwa shahidi wangu, na Feza naye alimhesabu hivyo, kwa hiyo hakumsalimia ila kwa kichwa.

Sasa siku ile ya kilio, chakula kimeshapakuliwa, Florence alitaka kusema alichotumwa. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. "Mzee alisema niambie nyinyi wote, si mama Bahati peke yake. Yule mama nasema leo hakuli." Zawadi akaacha kutafuna. "Mzee alisikia yeye. Lakini sauti haikutoka ndani. Alisema mama Bahati iko mbele yake, mlango iko mbele, na sauti natoka nyuma. Kwa ngazi. Chini. Kama mtu amepita yeye tayari, nashuka pole pole." Florence akaendelea, kama anaomba radhi, "Aliogopa kusema. Mwanajeshi kusema kitu namna hii, watu watasema amerukwa na akili. Lakini alisema alirudi mbele kutafuta mtu akijua hakuna mtu."

Nilijaribu kukumbuka sauti ilitoka wapi. Mule ndani hakukuwa na mbele wala nyuma. Nilikuwa nimepiga magoti, sikio moja limezibwa na kitenge, mkono wa Opio ukinivuta shingo. Nilidhani ni mbele kwa sababu mbele ndiko nilikoita.

Feza alikuwa amegeuka kutoka mlangoni. "Ilikuwa inakohoa?" akamuuliza Florence. Ndilo swali la kwanza nililomsikia akimuuliza mtu yeyote kuhusu siku ile.

"Hapana," Florence akasema. "Mzee alisema ni sauti ya mtu amepumzika."

Feza alitazama mkono wake, ule uliokuwa umemshika Mama Vumilia. Halafu akainuka, akaja akakaa kati yangu na Zawadi, akavuta bakuli la sombe na kuanza kula kwa pupa kama mtu aliyetoka safari, na mimi sikuthubutu kumwangalia nisije nikamkatisha. Zawadi naye, kwa mara ya kwanza maishani, alinyamaza.

Nimeandika nilivyokumbuka. Kama ulikuwa Mbarara mchana ule na unajua kwamba orofa hazikuwa tano, au ngazi ya zimamoto ilifika juu zaidi, au wenye malori nimewasingizia, niambie, nitafuta niandike upya. Noella, kama haya yamekufikia huko uliko, nirekebishe kuhusu lenga-lenga, pengine siku ile uliomba maharagi. Lakini kama kuna aliyekuwa kwenye ngazi zile anayejua hakika kwamba sauti ilitoka mbele, huyo aje Kashojwa aniambie mimi peke yangu. Asimwambie Feza.